Mpangaji wa Tumbo la Ardhi

Hii si habari ya nchi yenu. Tuelewane hapo kwanza, tusije tukagombana mbele ya safari. Ni habari ya Shukuruni, nchi ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikuta imefunikwa na kidole cha anayekuonyesha.

Shukuruni ni nchi yenye adabu. Ukiingia ofisini hupigi hodi wala huamkii. Mwenye ofisi hukuambia, "Shukuruni," nawe hujibu, "Tumeshukuru," ndipo kazi huanza. Kazi ikiisha husemwa vilevile tena, na usipojibu, kazi haijaisha. Wageni hudhani ni salamu. Wenyeji wanajua kuwa ni muhuri.

Sheria yake ya ardhi ni nyepesi, hata mtoto anaielewa. Ardhi, inasema sheria, ni kama mtu: ina ngozi na ina tumbo. Ngozi ni shubiri tatu kutoka juu, na hiyo ni ya mwananchi, apande mchicha wake. Kuanzia hapo kwenda chini ni tumbo, na tumbo lina wizara yake. Mwaka mmoja serikali ikaingiwa na huruma, ikatunga Sheria ya Warithi wa Tumbo. Mwananchi ambaye wazee wake wamekaa mahali pamoja vizazi vitatu aliruhusiwa kurithi haki ya madini yaliyo chini ya nyumba yake, aisimamie, aikodishe kwa mwekezaji, afaidi. Ila lazima asome kwanza. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mwananchi anaweza kukaa juu ya madini miaka mia bila mafunzo na asidhurike, lakini kufaidi bila mafunzo kunaweza kumletea ugonjwa.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkuta Siwema.

Siwema alikuwa na miaka ishirini na minne na shahada ya mipango ya maendeleo vijijini. Alilelewa na babu yake, Mzee Kondo, na bibi yake, Bibi Tatu, katika kijiji cha Kilima cha Vyungu. Nyuma ya nyumba yao udongo ulikuwa mweusi, wenye mng'ao kama mgongo wa samaki. Bibi Tatu, aliyekuwa mfinyanzi, aliuchota kwa kijiko, akasugulia vyungu vyake mpaka mtu aone meno yake ndani yake. Wakaja watu wenye vipimo, wakasema udongo ule unaitwa kinywe, ndio unaotengeneza penseli na betri, na dunia nzima inautafuta.

"Kama wanautafuta," Bibi Tatu alisema, "mbona siku zote ulikuwa hapahapa?"

Mzee Kondo alipokaribia kufa aliwaita wazee, akasema mbele yao kwamba tumbo la ardhi yake anamwachia Siwema. "Kwa kuwa huyu mke wangu amesoma," alisema, "hatadanganywa."

Alimwita mke wangu kama babu yeyote wa Kilima anavyomwita mjukuu wake wa kike. Na kama bibi yeyote wa Kilima, Bibi Tatu alimwita Siwema mke mwenzangu, akamtania, akamwibia mandazi, akamsingizia kwamba anamtia mzee dawa kwenye uji. Babu alipozikwa, pembeni ya shamba la mihogo, Bibi Tatu alimshika Siwema mkono akamwambia, "Haya, mke mwenzangu. Tumeachiwa sisi."

Siwema hakuwa mtu wa kulia muda mrefu. Alikuwa na daftari. Ndani yake alichora kisima, akachora zahanati yenye dirisha upande wa upepo, akachora karakana ndogo ya penseli ili watoto wa Kilima waandike kwa penseli ya Kilima. Kila mtu alipomuuliza kazi yake alijibu kwa fahari, "Mimi ni mpangaji," maana ndivyo walivyojiita chuoni wote waliosomea mipango.

"Miaka minne umesomea kupanga?" Bibi Tatu alimuuliza. "Mimi napanga vyungu tangu sijaolewa, na hakuna aliyenivisha joho."

"Kupanga maendeleo, Bibi."

"Hayo nayo yakianguka yanavunjika?"

"Yanavunjika."

"Basi ni kazi moja." Bibi aligeuza chungu mapajani, akaendelea kusugua. "Panga upangavyo. Kodisha wanapotaka. Mimi nina neno moja tu. Ubavu wa kushoto wa Kondo usiukodishe. Nataka nilale pale. Miaka hamsini na mbili nimelala kushoto kwake, sitahamia kulia uzeeni."

"Nitaliandika kwenye mkataba," Siwema alisema. "Kifungu cha kwanza kabisa."

Na alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomfanya apendeze.

*

Wizara ya Tumbo la Ardhi ilikuwa na afisa mmoja wa warithi, Bwana Hemedi Kisingo, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya mtu anayemwamsha mgonjwa. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumfokea mwananchi hata mara moja, na barua zake za kuwahamisha watu zilisifiwa kwa mwandiko.

"Shukuruni," alisema.

"Tumeshukuru," Siwema alijibu.

Alipewa Fomu ya Tumbo namba saba, na penseli. Wino ulikuwa wa wakubwa. Penseli ilikuwa nzuri, ya nje, imepakwa rangi ya manjano. Ilikuwa imeondoka Shukuruni ikiwa udongo, ikarudi ikiwa penseli, na sasa ilifungwa kwa uzi kwenye meza ili isiondoke tena.

Siwema aliandika jina lake. Aliandika jina la babu. Penye neno *Kazi* aliandika, kwa herufi nzuri, *Mpangaji*.

Bwana Hemedi aliisoma fomu akainua macho. "Binti, una uhakika na hapa?"

"Nina uhakika. Nina shahada."

"Sijawahi kuona mpangaji mwenye shahada."

"Tuko wengi, mzee wangu. Ni vile wengi hatujapata pa kufanyia kazi."

"Basi hongera kwa kuwa mkweli," alisema Bwana Hemedi, akaipiga muhuri. "Wengi wakifika hapa hujiita wenye nyumba."

Siwema alicheka, maana alidhani ni mzaha wa ofisini.

*

Chuo cha Warithi kilikuwa katika ghala la zamani la korosho, na mafunzo yalikuwa ya siku arobaini, sawa na arobaini ya marehemu, ili familia isilie mara mbili. Mkufunzi aliitwa Daktari Sengulo. Alikuwa amefundisha warithi mia sita, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Wengi hawakuwa tena na mahali pa kutokea.

Siwema alikaa karibu na Mzee Likwata, ambaye babu zake walimwachia mlima wa marumaru. Mzee Likwata alikuwa anarudia mafunzo kwa mara ya tatu.

"Unafeli somo gani, babu?" Siwema alimuuliza.

"Matarajio," alisema Mzee Likwata. "Kila wakinipima wanakuta bado ninayo."

Wiki ya kwanza walijifunza kumpokea mwekezaji: namna ya kusimama ili kivuli chako kisimwangukie, namna ya kutazama miguu yako, namna ya kuitikia kwa kichwa kabla hujaulizwa. Wiki ya pili walijifunza kusoma ramani ya shamba lao wenyewe wakiwa nje ya uzio. Siwema aliandika yote kwenye daftari. Aliamini kwamba mbele kuna somo lenyewe, lile la kusimamia na kukodisha, na kwamba haya ya mwanzo ni kama kunawa mikono kabla ya kula.

Somo lenyewe lilifika wiki ya tano. Daktari Sengulo alimpa kila mrithi yai moja bichi.

"Hili," alisema, "ndilo haki yako ya madini. Umelirithi. Ni lako. Lishike, uuhisi uzito wake. Sasa, unaweza kulila hivyo lilivyo?"

"Hapana," warithi walijibu.

"Kwa nini?"

"Ni bichi."

"Una sufuria?"

"Hatuna."

"Mwekezaji anayo." Daktari Sengulo akatoa sufuria, akayakusanya mayai yote, akayachemsha juu ya jiko la umeme lililokuwa mezani. Yalipoiva aliyamenya moja moja, akayala yote kumi na nane kwa chumvi, polepole, huku akiwatazama warithi kwa upendo wa mwalimu. Kisha akamrudishia kila mtu ganda la yai lake. "Na huo, ndugu zangu, unaitwa mrabaha. Ni fungu la mrithi. Wekeni sahihi hapa kwamba mmeupokea."

Siwema alinyoosha mkono. "Mwalimu, na kama mrithi anataka kuchemsha yai lake mwenyewe?"

"Ana sufuria?"

"Anaweza kununua."

"Ana jiko?"

"Anaweza kukopa. Au warithi kumi na nane wakachangia jiko moja."

Mzee Likwata alitazama miguu yake, kama walivyofundishwa wiki ya kwanza.

"Binti," alisema Daktari Sengulo, "wakati mnachangishana, yai linaoza. Na yai lililooza ni hasara kwa taifa. Kuna kifungu." Akageuka ubaoni. "Ganda lisagwe, litiwe kwenye mchicha. Lina chokaa. Mchicha utapendeza."

Siku ya mahafali alikuja Waziri wa Tumbo mwenyewe. Alifika akiwa amechelewa kwa saa nne, na kabla ya kuhutubia aliomba kila mtu asimame dakika moja kuwakumbuka wawekezaji walioghairi.

"Ndugu warithi," alisema, "mlipoingia hapa mlikuwa maskini msiojua mnachokosa. Leo mnakijua kwa jina, kwa kina na kwa ujazo. Hayo ndiyo maendeleo. Mtu asiwaambie kwamba utajiri ni kuwa na kitu. Utajiri ni kujua kwamba kipo. Ninyi mtakuwa mkilala mnajua. Nani kati ya babu zenu alilala anajua? Shukuruni."

"Tumeshukuru," walisema.

Kisha wakagawiwa vyeti na mikataba. Siwema alifungua mkataba wake palepale, amesimama juani, akatafuta kifungu cha kwanza. Alikuwa ameshaandika kwa mkono wake, kwenye karatasi ya mapendekezo, habari ya ubavu wa kushoto wa Mzee Kondo.

Kifungu cha kwanza kilisema hivi: *Siwema binti Kondo, ambaye kuanzia sasa ataitwa Mpangaji, anakubali kupanga katika eneo la Kampuni ya Moyo Mmoja.*

*

"Kuna kosa," alimwambia Bwana Hemedi. "Mimi ndiye ninayekodisha. Kampuni ndiyo inayokodi."

Bwana Hemedi alitoa jalada, akaifungua Fomu ya Tumbo namba saba, akaigeuza ili Siwema asome. "Kazi: Mpangaji. Mwandiko ni wako?"

"Ni wangu. Lakini maana yake mtu anayepanga. Mipango. Nimesomea."

"Na anayepanga nyumba ya mtu, huyo anaitwaje?"

Siwema akaisoma fomu tena. "Mpangaji," alisema.

"Unaona. Sisi tulikuta mpangaji, tukamtafuta mwenye nyumba. Fomu ilikuwa haina. Ardhi haiwezi kukaa bila mwenyewe, binti, ingekuwa ukatili. Wizara ikaichukua kwa muda, ikaipa Kampuni ya Moyo Mmoja miaka tisini na tisa."

"Basi tulifute neno hilo. Limeandikwa kwa penseli."

"Ndiyo maana tunatumia penseli," alisema Bwana Hemedi kwa furaha, kama mtu aliyepata mwanafunzi anayeelewa. "Serikali inajua kwamba mwananchi hukosea. Tatizo ni vifutio. Tumeagiza. Havijafika."

Siwema alifungua mkoba, akatoa kifutio chake cha shuleni, kilichobaki nusu. Bwana Hemedi alikitazama kwa huzuni.

"Hicho ni cha mtu binafsi. Nikikitumia nitakuwa nimeghushi."

"Vitafika lini?"

"Viko njiani. Wewe uwe unapita."

Siwema alikwenda nyumbani. Alisoma mkataba njia nzima. Mpangaji asipige misumari ukutani bila idhini. Mpangaji asichote udongo wa kung'arisha vyombo. Mpangaji anaweza kupokea mgeni, kwa mujibu wa mila na desturi za Shukuruni. Hapo alipumua. Aliona angalau mahali pamoja mwandishi wa mkataba alikumbuka kwamba watu wana ndugu.

Bibi Tatu alimsikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya chungu kisichosuguliwa.

"Kwa hiyo wewe ni mpangaji humu ndani."

"Kwa sasa tu, Bibi. Mpaka vifutio vifike."

"Na mimi?"

Siwema aliangalia mkataba. Hakukuwa na neno lingine la kumwita. "Wewe ni mgeni wangu," alisema.

Bibi Tatu alicheka mpaka akakohoa. "Nimezaa watoto saba humu, wanne nimewazika. Leo nimekuwa mgeni. Haya, nikaribishe basi. Mwenyeji gani hata maji hatoi?"

*

Katika nchi nyingine methali ni mapambo. Watu huzisema harusini, huzichapa kwenye kanga. Shukuruni iliziheshimu kuliko hivyo. Bunge lilikuwa limezipitisha, moja baada ya nyingine, kuwa sheria. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: Sura ya Tisini na Moja, kifungu cha pili.

Siku ya tatu asubuhi Bwana Hemedi alipanda Kilima cha Vyungu akiwa amebeba jembe jipya, limefungwa utepe. Nyuma yake alikuja msimamizi wa Moyo Mmoja na mpiga picha.

"Shukuruni," alisema.

"Karibu," alisema Bibi Tatu, ambaye hakuwahi kujibu vinginevyo.

Bwana Hemedi aliandika kwamba mgeni ni mkongwe na masikio yake ni mazito. Kisha akaegemea mguu mmoja, akasoma kwenye karatasi yake kwamba kila mgeni mwenye umri wa miaka sitini na kuendelea atalima nusu siku tu, kwa heshima ya mvi zake, na kinywe atakachochimba kitakusanywa na kampuni bila yeye kusumbuka kukibeba.

"Nipe mimi," Siwema alisema, akashika mpini. "Nitalima kwa niaba yake. Nitalima siku nzima."

"Wewe si mgeni, binti. Wewe unapanga." Bwana Hemedi alimwondoa vidole kwa upole, kimoja kimoja. "Na jembe limeshaandikwa jina."

Lilikuwa limeandikwa kweli, kwenye mpini: *Mgeni*.

"Kwa ajili ya jalada," aliendelea, akimgeukia Bibi Tatu, penseli mkononi, "huyu binti ni nani kwako?"

Bibi Tatu alimtazama Siwema. Alimwona macho yamejaa, daftari limebanwa kifuani. Akafanya alichofanya miaka ishirini na minne kila alipomwona hivyo.

"Huyu?" alisema. "Huyu ni mke mwenzangu. Mchawi. Alinimalizia mume kwa uji."

Siwema alicheka huku machozi yakimtoka. Msimamizi wa kampuni alicheka. Mpiga picha alicheka, akapiga picha. Bwana Hemedi hakucheka. Aliandika.

*

Bibi Tatu alilima. Alikuwa na miaka sabini na minane, na msimamizi alishangaa, maana alidhani atalazimika kumwonyesha mahali. Bibi alichagua mwenyewe. Alikwenda pembeni ya shamba la mihogo, akapima kwa hatua, akavua kanga moja akaikunja, akaanza.

Siwema alikuwa akishuka kila asubuhi kwenda wizarani kuuliza vifutio, na akipanda kila mchana kuja kumtazama. Vifutio vilikuwa bandarini. Vifutio vilikuwa vinakaguliwa. Vifutio vilikutwa havina barua. Kila aliporudi shimo lilikuwa limeongezeka urefu wa kiganja.

"Pumzika, Bibi. Nakuomba. Hawakuangalii sasa hivi."

"Sijachoka."

"Mikono inatoka damu."

"Inatoka damu, haijachoka." Bibi Tatu aliegemea jembe. Uso wake wote ulikuwa mweusi wa kinywe, unang'aa, kama mtu aliyefinyangwa akasuguliwa. "Wewe uliyesomea mipango, huoni ninachopanga?"

Siwema alitazama. Shimo lilikuwa jembamba, refu kadiri ya mtu, na lilikuwa kushoto. Upande wa kulia, dhiraa moja tu, lilikuwa kaburi la Mzee Kondo.

"Mkataba wako hawakuusoma," alisema Bibi Tatu. "Nikaona niandike mimi. Jembe la serikali, muda wa serikali, na yule bwana wao kila jioni ananisifu. Nikimaliza mtanilaza tu. Hamtasumbuka."

Msimamizi alikuwa kweli akimsifu. Katika taarifa ya mwezi aliandika kwamba mgeni wa Kilima cha Vyungu amechimba kwa mstari ulionyooka kuliko mitambo.

Bibi Tatu alifia mle shimoni siku ya kumi na tisa, kabla ya adhuhuri, ameketi, jembe likiwa limelazwa kando kwa utaratibu kama kijiko baada ya chakula. Siwema alimtoa mwenyewe. Alikuwa mwepesi. Wanawake wa Kilima wakaja, wakamwosha, na kinywe hakikutoka chote kwenye vidole.

Wanaume walipotaka kumteremsha kwenye shimo lake, msimamizi wa Moyo Mmoja aliwapa pole, akasema kampuni inaumia kuliko hata wafiwa, kwa sababu imempoteza mchimbaji. Akawaonyesha kamba ya kupimia. Shimo lilikuwa limevuka shubiri tatu. Lilikuwa ndani ya tumbo.

"Kaeni naye kivulini," Siwema aliwaambia. "Nakwenda kuomba. Nitarudi na karatasi."

*

Foleni ilikuwa ndefu. Siwema alisimama na kanga aliyofungia msiba, na kila aliyemwona alimwambia pole, na hakuna aliyempisha. Ilipofika zamu yake jua lilikuwa limeanza kuinama.

"Shukuruni," alisema Bwana Hemedi.

"Tumeshukuru."

Alimpa Fomu ya Tumbo namba tisa, Ombi la Kulaza Ndani ya Tumbo. Alimpa pole pia, na ilikuwa pole ya kweli; alimkumbuka bibi yule, alisema, alikuwa na mzaha. Kisha akamweleza, taratibu, ili asikosee tena.

"Sehemu ni moja tu yenye uzito. Hapa, *Mwombaji ni nani kwa marehemu*. Mtoto au mjukuu ana haki ya kuomba shimo, na leo hii nitasaini. Mpangaji hana. Mgeni akifa kwa mpangaji hupelekwa makaburi ya wageni, nyuma ya ghala la korosho. Huko ni kuzuri, pana uzio. Gari la kampuni litakwenda kumchukua."

"Naelewa," alisema Siwema.

"Usiharakishe."

Siwema aliichukua ile penseli ya manjano iliyofungwa kwa uzi. Mara hii hakufikiria shahada. Hakufikiria kisima wala zahanati wala karakana. Aliandika polepole, akikandamiza, na mstari ulitoka mweusi wenye mng'ao, mng'ao anaoujua tangu utotoni, wa vyungu vilivyopangwa ukutani.

*Mjukuu.*

Alilitazama neno lile. Ndilo neno la kweli kuliko yote aliyowahi kuyaandika, na kwa mara ya kwanza tangu babu yake afe alijisikia ameshinda. Akaisukuma fomu mbele.

Bwana Hemedi alisoma. Alifungua jalada, akasoma na huko. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Binti," alisema, "mjukuu hayumo humu."

"Mimi hapa."

"Nilimuuliza marehemu mwenyewe, mbele yako. Alisema wewe ni mke mwenza." Alimgeuzia ukurasa. "Na ukacheka."

"Ulikuwa utani. Bibi na mjukuu wanataniana. Hata wewe una bibi. Bibi yako alikuitaje?"

Mkono wa Bwana Hemedi ulisimama. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeitwa kutoka mbali kwa jina la utotoni. "Mume wangu," alisema chinichini. "Alikuwa akiniita mume wangu."

"Basi unajua."

"Najua," alisema. "Lakini mimi sikuwahi kuandikwa."

Akavuta mtoto wa meza. Ndani yake kulikuwa na boksi jipya, karatasi yake ya nailoni bado inametameta. Alilifungua kwa uangalifu, kama mtu anayefungua zawadi asiyotaka kuichana.

"Una bahati, binti," alisema. "Vifutio vimefika leo asubuhi."

Kilikuwa kifutio kizuri, cheupe, laini, cha nje. Kilipita juu ya neno mara tatu na karatasi ikabaki safi, haikuchubuka. Bwana Hemedi aliandika mahali pake *Mpangaji*, kwa ule mwandiko wake unaosifiwa, akapuliza. Vumbi jeusi liliruka likaangukia mapajani mwa Siwema, juu ya kanga, likang'aa.

"Shukuruni," alisema Bwana Hemedi.

Siwema hakujibu. Alikuwa akikusanya lile vumbi kwa ncha ya kidole, chembe kwa chembe, akilitia kwenye kiganja.

"Shukuruni," alirudia, kwa upole, maana bila jibu kazi isingeisha, na gari la kampuni lilikuwa limeshawashwa nje.

Siwema aliendelea kukusanya. Saa ya ukutani ilionyesha kwamba ofisi inakaribia kufungwa. Nyuma yake kwenye foleni alisimama Mzee Likwata, mrithi wa mlima wa marumaru, aliyekuwa ameshafaulu somo la Matarajio na aliyehitaji muhuri kabla dirisha halijafungwa. Aliangalia mgongo wa yule binti. Akaangalia miguu yake mwenyewe.

"Tumeshukuru," akamjibia.